Mzigo mchanganyiko toka Mombasa kupitia Horohoro: kipi kinalipiwa ushuru na kipi hakilipiwi?

DukaKongo:
Wakuu habari za jioni. Naomba kujuzwa na wanaofahamu. Duka liko Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Mzigo utanunuliwa Mombasa kwa jumla, utapakiwa kwenye lori dogo, utavukia Lunga Lunga na Horohoro, kisha Tanga mpaka Dar. Uko hivi:

– Sabuni ya mche ya kufulia, katoni 40, KSh 2,320 kwa katoni, imetengenezwa Kenya.
– Chupa za chai 120, KSh 500 moja, chini zimeandikwa China.
– Vitenge majora 15, muuzaji anasema "ni vya Kenya".

Hapa mtaani kila unayemuuliza anasema Afrika Mashariki ni soko moja, hakuna ushuru, unalipa tu VAT. Wengine wanasema unalipa vyote. Je, ushuru upo au haupo? Unapigwaje hesabu? Na je, lazima wakala, au mtu anaweza kusimama dirishani mwenyewe?

Kadhia_Tanga:
Mkuu, hao wote wawili wa mtaani wamesema nusu nusu. Forodha haikuulizi umenunua wapi, inakuuliza bidhaa imezaliwa wapi. Chupa ya China iliyokaa miaka miwili kwenye ghala la Mombasa bado ni ya China, hata kama aliyeiingiza Kenya alishalipia ushuru wa huko. Ikivuka kuja kwetu inatozwa kwa ushuru wa pamoja wa jumuiya kama vile imeshuka bandarini leo. Kubadilisha katoni, kubandika lebo mpya au kuzifunga sita sita hakuifanyi iwe ya Kenya, kanuni za uasili zimeyataja hayo wazi kuwa si uzalishaji.

Kwa hiyo lori lako moja lina mizigo mitatu tofauti:

Sabuni inaweza kuingia bila ushuru wa forodha, ila kwa cheti. Maandishi ya "Made in Kenya" kwenye katoni peke yake hayatoshi. Mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, wa bidhaa zilizomo kwenye orodha ya pamoja ya nchi wanachama, unapewa Cheti Rahisi cha Uasili wa Bidhaa palepale mpakani. Sabuni yako ni KSh 92,800, haifiki hata dola 1,000, kwa thamani uko salama. Angalia sasa kama sabuni ya mche imo kwenye orodha, huwa wanayo dirishani. Mzigo ukizidi dola 2,000 cheti rahisi hakifai tena, inabidi msafirishaji wa Kenya aombe Cheti cha Uasili cha EAC chenyewe kwa mamlaka yao ya mapato kabla mzigo haujaondoka.

Hapa ndipo wengi wanapokwama: cheti hugongwa na forodha ya nchi ANAYOTOKA mzigo, sio ya kwetu. Horohoro ni kituo cha pamoja, ukitoka Kenya unasimama upande wa Tanzania tu na maafisa wa nchi zote mbili wamo jengo moja. Mtu anaona dirisha la TRA lina foleni fupi, anaenda moja kwa moja, akifika anaulizwa cheti kiko wapi. Anza na dirisha la Mkenya, gongewa, ndio uje kwetu.

Chupa za chai ni ushuru kamili, hakuna mjadala.

Vitenge: usimwamini muuzaji, soma upindo. Karibu kila jora lina maandishi yamechapwa pembeni urefu wote wa kitambaa, na mara nyingi nchi imeandikwa hapohapo. Afisa naye ataanzia hapo. Kama muuzaji ana uhakika ni vya kiwanda cha Kenya, mwambie akupe ankara ya kiwanda na akusaidie cheti. Akianza kukwepa, hesabu kwamba ni vya nje. Na vitenge, khanga na vikoi vimo kwenye orodha ya bidhaa nyeti, usitegemee ile asilimia 25 ya kawaida.

Na usijaribu kugawa ankara moja iwe tatu ili kila moja ibaki chini ya dola 2,000. Tarehe ileile, muuzaji yuleyule, lori lilelile, itahesabiwa mzigo mmoja.

HesabuZaMzigo:
Naongezea hesabu maana mkuu hapo juu hakuigusa.

Bendi za ushuru wa pamoja ni nne: 0 kwa malighafi na mitambo, 10 kwa bidhaa zilizo nusu njia, 25 kwa bidhaa zilizokamilika, na 35 iliyoongezwa Julai 2022 kwa vitu kama fanicha, nguo na vyombo vya kauri. Juu ya hizo kuna orodha ya bidhaa nyeti, ambako vingine hutozwa kwa asilimia au kwa kilo, kinachozidi ndicho unacholipa. Mitumba iko huko.

Thamani inayotozwa ni CIF, yaani bei uliyolipa, jumlisha nauli mpaka mpakani, jumlisha bima. Nauli ya Horohoro mpaka Kariakoo haimo. Hili lisimamie: lori likikodiwa Mombasa–Dar kwa bei moja, mwambie mwenye lori aandike kwenye hati ya usafirishaji kipande cha Mombasa–Horohoro peke yake na cha Horohoro–Dar peke yake. Ikiandikwa jumla, nauli yote inaingia kwenye thamani na unalipia ushuru barabara ya Tanga–Chalinze ambayo iko ndani ya nchi.

Tuchukue chupa tu. KSh 60,000 tuifanye TSh 1,200,000 kwa urahisi wa mfano (kiwango halisi ni kile kilichomo kwenye mfumo wa forodha siku hiyo, sio cha bureau). Nauli mpaka Horohoro tuseme 70,000, bima 10,000.

CIF = 1,280,000
Ushuru wa forodha 25% = 320,000
Msingi wa VAT = 1,280,000 + 320,000 = 1,600,000
VAT 18% = 288,000
Jumla = 608,000

Watu wanajumlisha 25 na 18 wanapata 43, wanabeba 550,400, kisha wanapungukiwa 57,600 dirishani. VAT inatozwa juu ya ushuru pia, ndiyo maana inakuja 47.5. Hapo sijaweka tozo ya reli wala ada ya uchakataji wa forodha, nazo zinaingia kwenye msingi wa VAT, kwa hiyo beba zaidi ya hiyo. Bidhaa yenye ushuru wa bidhaa (excise, tofauti na ule wa forodha), kama vinywaji na vipodozi, ina mstari mwingine kabla ya VAT.

Sabuni yenye cheti: ushuru wa forodha sifuri, VAT 18% inabaki. Cheti hakifuti VAT. Ukisikia mtu kapitisha bila kulipa chochote, ujue hakupita dirishani.

DukaKongo:
Ahsanteni sana wakuu, nimeelewa vizuri mno. Hiyo ya nauli sikuwahi kuifikiria kabisa. Mawili tu: muuzaji amejitolea kuandika ankara ya nusu bei "kunisaidia". Na je, nikiweka sabuni na vitenge kwenye basi na kupanda nazo kama abiria?

Ankara_Safi:
Hiyo ankara ya nusu bei ikatae, ndugu yangu, na sio kwa kuogopa tu.

Thamani ya forodha kwa Jedwali la Nne la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya EAC ya 2004 huanza na bei halisi uliyolipa. Afisa akiitilia shaka ankara, anakuomba uthibitisho: muamala wa benki, ujumbe wa malipo ya simu, mkataba, oda. Ankara inasema 30,000 na simu yako inaonyesha ulituma 60,000, umekwisha. Usipokuwa na uthibitisho, anashuka ngazi: bei ya bidhaa zilezile zilizoingia karibuni, kisha zinazofanana, na kuendelea mpaka ngazi ya sita. Bei za wenzako wa Kariakoo zimo kwenye mfumo. Chupa za chai zinaingia kila wiki, atajua bei yake kabla hujamaliza kusalimia.

Tamko la uongo ni kosa la kifungu cha 203, mpaka miaka mitatu jela au faini mpaka dola 10,000. Na ukiponyoka mpakani, bado kuna ukaguzi baada ya mzigo kutoka, ndiyo maana nyaraka zinatunzwa miaka mitano.

Sasa upande wa pili ambao hausemwi sana. Kama ankara yako ni ya kweli na wamekupandishia thamani, usiishie kulalamika getini. Omba maamuzi kwa maandishi, kisha ndani ya siku 30 andika barua ya kuomba Kamishna apitie upya, kwa kifungu cha 229, ukiambatisha uthibitisho wa malipo. Naye ana siku 30 za kujibu. Zikipita kimya, sheria inahesabu ombi lako limekubaliwa. Akikataa, unaweza kwenda kwenye rufaa za kodi ndani ya siku 45. Uliyelipa zaidi kwa makosa ya hesabu au ya namba ya HS (namba ya kimataifa ya aina ya bidhaa), madai ya kurudishiwa yana ukomo wa miezi 12 tangu siku ya malipo.

Kadhia_Tanga:
La basi nalijibu mimi. Msamaha wa mizigo ya abiria ni wa vitu vya mtu mwenyewe, aliyekaa nje ya nchi zaidi ya saa 24, na una ukomo wa thamani. Bidhaa za kuuza hazimo. Na kitambaa cha jora, ambacho hakijashonwa, kimetajwa kabisa kwamba hakimo, hata kama unasema ni cha sare ya harusi ya dada yako. Kwa faida ya wengine wanaosoma: pombe kali lita 1 au mvinyo lita 2, tumbaku gramu 250, kwa mwenye miaka 18 na zaidi.

Ukweli wa pili ni muda. Basi linasubiri watu wagonge pasipoti, halisubiri kadhia (tamko la forodha) ya katoni 40. Konda atashusha mzigo wako na basi litaondoka. Ukibaki na mzigo wa jora kwenye buti bila nyaraka, dereva na basi nao wanaingia kwenye tatizo, maana chombo kilichobeba mzigo usiolipiwa nacho hukamatwa. Mambo ya njia za panya kule Duga na kwingineko ni yaleyale, mzigo unapotea na chombo pamoja.

BintiTemeke:
Kuhusu wakala. Sabuni peke yake kwa cheti rahisi, mtu anaweza kujisimamia dirishani kwa utaratibu rahisi. Kwa mchanganyiko huo wenye chupa na vitenge vya biashara, unahitaji wakala wa forodha mwenye leseni, maana TANSAD (hati ya tamko la forodha) inaingizwa kwenye TANCIS, mfumo wa forodha wa TRA, na yeye ndiye mwenye akaunti. Sio lazima umkute mpakani. Mtafute hukuhuku Dar, mtumie nyaraka lori likiwa bado Mombasa, aingize kadhia mapema. Kwa mizigo ya ndani ya jumuiya utaratibu wa himaya moja ya forodha tangu 2014 ndio huo, kutangaza na kulipia kabla mzigo haujafika.

Anachohitaji: ankara, orodha ya mzigo ulivyofungwa, hati ya usafirishaji yenye namba ya lori, cheti cha uasili, uthibitisho wa malipo, na TIN (namba ya mlipakodi). Maelezo yaandikwe kwa vitu vyenyewe. "Bidhaa mchanganyiko" au "vyombo vya nyumbani" ni njia ya haraka ya kupelekwa ukaguzi. Andika "chupa za chai za kuhifadhi joto, lita 1.8, vipande 120, katoni 20 za vipande 6".

Namba ya HS uijue mwenyewe, usimwachie wakala tu:
Sabuni ya mche ni 3401. Ya unga ni 3402. Watu wanazichanganya.
Chupa ya chai nzima ni 9617, iwe ya chuma au ya glasi. Ila zile glasi za ndani za kubadilisha ziko 7020, kama muuzaji kakuwekea dazeni za akiba zitenganishwe.
Kitenge cha pamba kiko sura ya 52, cha polista kiko 54 au 55. Huna uhakika? Chomoa uzi mmoja uuchome: pamba inabaki jivu laini linalosagika kwa kidole, polista inayeyuka na kuganda kipunje kigumu cheusi. Kosa hili ndilo huwachelewesha watu wa vitenge, kwenye karatasi pamba, mkononi polista.

TIN ni jambo la kulisimamia sana. Kadhia iwe kwa TIN YAKO. Wale wanaochanga mzigo na kuupitisha kwa TIN ya mwenye lori wanaona nafuu, ila kama umesajiliwa VAT hutaweza kudai ile VAT ya mpakani, maana nyaraka ina jina la mwingine. Kwenye hesabu ya chupa hapo juu ni 288,000 unaiacha hewani. Kizingiti cha kusajiliwa ni mauzo ya milioni 200 kwa mwaka tangu 2023. Hata ambaye hajafika, akisimamishwa na mzigo njiani au ghalani, karatasi ya jina la mtu mwingine haimsaidii kitu.

Malipo ni kwa kontroo namba tu, benki au kwa simu. Anayekuambia umpe taslimu "akulipie", muombe kontroo namba na ulipe mwenyewe. Linganisha kiasi kilichotoka na hesabu yako mstari kwa mstari kabla hujabonyeza.

HesabuZaMzigo:
Dada ameeleza vizuri. Nina dukuduku moja kuhusu hizo KSh 2,320 za sabuni. Hiyo inanukia bei yenye VAT ya Kenya ndani. Gawa kwa 1.16 unapata 2,000 kamili. Yaani kwa katoni 40 unaacha KSh 12,800 Kenya, kisha huku unalipa 18% juu ya bei ambayo tayari ina kodi yao. Kwa mauzo ya nje Kenya hutoza sifuri, lakini lazima muuzaji atoe mzigo kwa nyaraka za usafirishaji nje kwa jina lake na ankara iseme hivyo. Muulize kabla ya kulipa. Kwa mzigo wa katoni 40 gharama ya wakala wao inaweza kumeza hiyo nafuu, kwa katoni 400 ni ujinga kuiacha.

DukaKongo:
Dah, kumbe ndiyo maana bei ilikuwa haipishani na ya dukani. Nitamuuliza. Na TBS, shirika letu la viwango, je, wanahusika na vitu hivi, au ni TRA pekee?

BintiTemeke:
Wanahusika. TRA ikishapokea pesa haina maana mzigo umetoka. Sabuni ya Kenya iwe na alama ya ubora ya KEBS (shirika la viwango la Kenya) na kibali chake kiwe hai, omba nakala ya kibali kwa mwenye kiwanda na ulinganishe namba na iliyochapwa kwenye katoni. Alama za ubora za nchi wanachama zinatambuliwa, ndiyo faida yake. Chupa za China hazina hiyo nafuu, muulize wakala suala la cheti cha ubora kabla hujanunua, sio ukiwa getini. Tangu 2019 vyakula na vipodozi navyo viko TBS, kwa hiyo ukishawishika kuongeza losheni na krimu Mombasa, jua ni foleni nyingine, na zenye zebaki au haidrokwinoni haziingii kabisa.

Na vifungashio: mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019. Muuzaji akikutupia bando la mifuko "ya bure kwa wateja", iache Mombasa.

Kadhia_Tanga:
La mwisho kwa upande wangu ni upakiaji. Mfumo ukikupa kijani unapita, njano wanaangalia nyaraka, nyekundu wanafungua mzigo. Jiandae kwa nyekundu, ukiwa mgeni kwenye mfumo na mzigo ni mchanganyiko, ni kawaida. Sabuni ni nzito na haivunjiki, iende chini na mbele. Vitenge juu yake, upindo ukiangalia nje usomeke bila kufungua jora. Chupa za chai mlangoni, na katoni zote ziandikwe namba 1 hadi 20 zilingane na orodha. Afisa atataka kuhesabu chupa na kusoma vitenge. Akivifikia bila kushusha sabuni, hulipi vibarua wa kushusha na kupandisha katoni 40. Na dereva awe na nakala ya kila karatasi mkononi, sio kwenye simu iliyoisha chaji.